Saa Juu ya Swali

Mwezi wa tisa, pilipili hoho zikianza kuchomwa kiwandani kwetu, mji mzima hunuka moshi mtamu, na sisi wa ofisi ya bohari hatupati hata nafasi ya kukaa. Mwaka ule nilikuwa humo kwa majaribio. Nikithibitishwa, binti yangu Rali angepata nafasi kwenye chekechea ya kiwanda, maana haipokei watoto wa vibarua. Nisipothibitishwa angebaki kijijini kwa mama yangu, ng'ambo ya mlima, nami ningeendelea kuwa mama wa Jumapili.

Meza ya pili ilikuwa ya Stoyanka, tuliyemwita shangazi kwa umri wake, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

"Denitsa, mwanangu, hii mashine ikikununia usiibembeleze. Gonga Enter, itaamka."

"Na isipoamka?"

"Gonga tena. Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo."

Asubuhi moja ikamnunia mwenyewe. Akagonga Enter, akagonga tena, na orodha yote ya lyutenitsa, ile rojo ya pilipili hoho na nyanya, tuliyopika wiki hiyo ikafutika. Mitungi ilikuwepo, imejaa bohari hadi darini, lakini hakuna aliyejua upi ulipikwa siku gani, na bila tarehe hautoki hata mmoja. Lori lilikuwa getini.

Meneja wetu, mhandisi Gochev, alikuja na kikombe chake cha kahawa mkononi.

"Nani kafuta?"

"Imejifuta yenyewe," akasema Stoyanka.

"Yenyewe. Basi na mshahara wako ujilipe wenyewe." Akanigeukia. "Wewe si umesomea haya mambo jioni? Nataka kujua kilichotokea."

Nilisomea kweli, Rali akiwa mgongoni, kwenye darasa lililokuwa na baridi kuliko nje. Nikakaa. Kitu cha kwanza nilichokiona ni herufi: zilikuwa kubwa kama za bango la uchaguzi.

"Shangazi, hizi herufi zimekua lini?"

"Jana. Nimekalia miwani yangu. Mpwa wangu kanionyesha, unashika hapa na hapa zinanenepa. Kwani ni dhambi?"

"Si dhambi."

Lakini nilikuwa nimeshaelewa. Programu yetu haikai kwenye kompyuta ya mezani. Inakaa kwenye mashine ya zamani ya Linux, nyuma ya rafu, na waya unaotufikisha kwayo hubeba maandishi tu. Haupeleki habari kwamba dirisha limepungua. Herufi zikinenepa, mistari inayoenea kwenye kioo inakuwa michache, lakini mashine ya kule inaamini bado ni ishirini na nne, kama ilivyoambiwa zamani. Ikifika chini ambako hakuna tena nafasi, mistari yote iliyobaki inaandikwa pale pale, mmoja juu ya mwingine.

Mstari wa kabla ya mwisho ulikuwa wa maswali. Wa mwisho ulikuwa wa saa. Mashine, kama kila programu inapofunguliwa, iliuliza, "Nifute yote?", kisha ikaandika saa juu ya swali lake. Stoyanka aliona saa tu, akadhani imenuna. Na jibu la Enter lilikuwa ndiyo.

Niliandika amri moja fupi, stty, nikaitajia mistari iliyopo kweli, kumi na minane. Nikafungua programu upya. Ikajipanga vizuri, swali likaonekana, saa ikakaa chini yake. Orodha nikairudisha kutoka kwenye nakala ya jana. Ya asubuhi ile tuliijaza kwa kuwauliza wapishi.

Gochev alinisikiliza hadi mwisho, bila kunikatiza.

"Kwa hiyo yote haya ni herufi kukuzwa."

"Ndiyo, bwana mhandisi."

"Nani alizikuza?"

Nilimtazama Stoyanka, nikimwachia aseme mwenyewe. Miwani yake ilikuwa imefungwa plasta puani. Alikuwa akizipanga lebo ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Mambo ya kompyuta humu ni ya Denitsa," akasema. "Mimi najua kugonga Enter tu."

Hakukuwa na uongo humo. Nikangoja aendelee. Nami nilipofungua mdomo, Gochev alishafika mlangoni.

"Umerekebisha, nashukuru," akaniambia. "Lakini fundi anayeharibu ndipo atengeneze, huyo simthibitishi. Malizia msimu kama kibarua, halafu tutaona."

Kesho yake nilikuta mezani kipande cha banitsa, pai ya jibini, kimefungwa kwa leso safi, bado kina moto.

"Kula, mwanangu, umekonda," akasema Stoyanka, macho kwenye kioo. Herufi zilikuwa kubwa vile vile. Niliziacha. Ile amri niliiweka iwe inajiita yenyewe kila anapofungua, ili swali lisifunikwe tena. Banitsa sikuila.

Mchana nilimpigia mama.

"Afadhali umepiga," akasema kabla sijasalimia. "Begi lake limejaa, halifungiki. Anauliza kama huko chekechea wanaruhusu mdoli."

Nyuma yake nilimsikia Rali akimwimbia mtu, huenda huyo mdoli.

"Mama, bado kidogo."

Mama hakuuliza kwa nini, na hilo liliniumiza kuliko maneno ya Gochev.

"Sasa nilifungue begi?" akasema.

"Toa sweta tu. Asubuhi huko kwenu kuna baridi. Vingine viache humo humo."