Kidole cha Merina na Neno "We"

Bibi Rozalia aliingia mtaa wa Gungu kutoka kijijini Ilagala akiwa na ndoo ya samaki, migebuka, amekuja kumwona binti yake Stephania na mjukuu wake Merina, wa darasa la tatu. Alimkuta Merina amesimama uani, anazungusha kidole hewani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unafukuza nzi?"

"Nasoma Kiingereza. Jumamosi wazazi wanakuja shuleni, na mimi ndiye nitaongoza darasa kutaja viwakilishi. Nikikwama, nafasi anapewa Oswald wa darasa letu."

Bibi akakaa mkekani asikilize. Merina akagusa kifua: "I eat." Kisha kidole kikaanzia kwake, kikapita kwa mama yake aliyesimama mlangoni, kikaishia karibu na pua ya bibi.

"We!"

Bibi akaruka. "Nani huyo unamwambia *we*?"

"Sisi, bibi."

"Sisi gani? Kidole si hiki hapa usoni kwangu!"

"Mama, ni masomo," Stephania akasema.

"Masomo ya kumwambia bibi yake *we*? Kesho narudi naye Ilagala. Huyo Oswald aongoze."

Merina akaangua kilio. Stephania akajifunga kanga, akaenda kumwita Mwalimu Winfrida wa Kiingereza, ambaye alikaa mtaa huohuo.

Mwalimu alikuja, akaamkia, akaketi mkekani bila ubishi.

"Mama, nani ameleta migebuka?"

"Mimi."

"Na akina nani watakula?"

"Sisi sote, hata wewe ukitulia."

"Hiyo *sisi* yako, Waingereza wanaiita *we*."

Bibi akafikiri. "Na mtu mmoja, wewe?"

"You."

"Hata akiwa mzee?"

"Hata mzee, hata mtoto."

"Maskini wazee wao," bibi akasema. "Na yeye, Stephania?"

"She."

"Shii? Kama kuku?"

"Huyo ni mwanamke. Mwanamume ni *he*."

"Hee!"

"Hapo umepatia, mama."

Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Safari ya kesho ikaahirishwa.

Jumamosi Merina alisimama mbele ya wazazi. Akasema *I*, akasema *you*, *he* na *she*. Kisha akanyanyua kidole, akamwona bibi yake kwenye benchi, na kidole kikagoma. Oswald akaanza kusogea mbele.

Bibi Rozalia akasimama. Akagusa kifua chake, akazungusha kidole benchi zima, kikaishia kwa Mzee Gervasi, mwenyekiti wa wazazi.

"We!" akapaza sauti.

"We eat!" Merina akadaka, na darasa zima likamfuata kwa kelele. Oswald akarudi mahali pake.

Mzee Gervasi alikuwa bado ametoa macho. "Mama, mimi nimekukosea nini?"

"Ni sisi sote hiyo," bibi akamjibu, akiketi na kutengeneza kanga yake. "Ingekuwa wewe peke yako, ningesema *you*. Sasa shii, tusikilize mtoto."