Njia Iliyolala Koridoni

Kabla hakujapambazuka, changarawe zilisugua sakafu ya koridoni. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayepepeta mchele taratibu asiamshe watoto, na mshonaji aliitambua bila kufungua macho. Njia ilikuwa inajigeuza. Ilizoea kulalia upande wa ukuta hadi majogoo, kisha ikageukia mlango, na kila ilipogeuka iliacha vumbi kidogo la kufagiwa baada ya chai.

"Lala kidogo," alisema kutoka chumbani. "Leo una kazi."

Changarawe zikatulia.

Njia ile ilihamia kwake baada ya Kampuni ya mawe kuzungushia kilima uzio wa seng'enge. Zamani ilianzia nyuma ya nyumba yake, ikapanda kilima na kushuka upande wa pili hadi mlangoni kwa dada yake mkubwa. Asubuhi moja ya mvua aliikuta kwenye kizingiti, imejikunja kama mkeka, imelowa, ina tope mpaka mgongoni. Aliipangusa kwa kipande cha shuka kuukuu akaikaribisha ndani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu aliipa kazi ya kulala chini ya cherehani na kumpasha miguu joto, maana njia iliyokanyagwa miaka mingi haipoi upesi. Majirani waliisalimu kila walipopita. Wakati wa kiangazi mmoja wao alikuja na ndoo ya maji kuinyunyizia, isije ikapasuka.

Ofisa wa Kampuni naye alifika. Alikuwa kijana mpole mwenye viatu safi.

"Bibi, tumepata malalamiko yako na tumechunguza," alisema. "Pale kilimani hapajawahi kuwa na njia."

"Na hii je?"

Ofisa alitazama koridoni. Aliinua mguu, akaivuka njia kwa uangalifu asijikwae, akasimama upande wa pili.

"Sioni kitu."

"Mwanangu, mimi siombi njia. Ninayo. Ninaomba mtoe seng'enge."

Ofisa alisema atalifikisha. Shati lake lilikuwa na kifungo kinachoning'inia kwa uzi mmoja, na mshonaji alimkalisha akakikaza kabla hajaondoka, kwa sababu kifungo hakikuwa na kosa. Kijana alishukuru, akaivuka njia tena, akaenda zake. Uzio haukutoka.

Yote hayo mshonaji angeweza kuyavumilia, lakini dada yake alikuwa anapoteza macho.

"Naona mwanga wa dirisha," dada alimwambia kwenye simu. "Rangi za nguo naziona. Nyuso ndizo zinaniponyoka. Wako bado ninao kichwani, ila umeanza kuchanganyika na wa mama. Nataka niutazame vizuri kabla haujawa wa mama moja kwa moja."

"Nitazunguka kwa barabara."

"Usithubutu! Barabara ile ni ya malori ya mawe. Mimi nataka kukuona, sitaki kukuzika."

Ndipo wakaja watu wa gia moja. Hawa walikuwa waendesha baiskeli wa milimani waliokutana mara moja kwa mwaka, Jumamosi na Jumapili, na wote walikuwa wameng'oa gia kwenye baiskeli zao kwa hiari. Walisema gia zinamfanya mtu ajione ana akili kuliko mlima. Walivaa chochote kisichofaa kuendeshea baiskeli. Hawakuwa na mshindi. Aliyefika wa kwanza ndiye aliyeosha vikombe vya wote, kwa hiyo mashindano yao yalikuwa ya kuchelewa, na kuna mwaka watu wawili walilala njiani wakibembelezana, "Tangulia wewe," "Ah, wewe kwanza, ndugu yangu." Miaka yote walipita kilima kile. Mwaka huu Kampuni iliwaambia wazunguke uwanja wa mpira.

Fundi wao, mtu mwembamba aliyeitwa Spoku, alikuja kubisha hodi kwa mshonaji akiwa ameshika kofia mkononi.

"Bibi, tumesikia kilima kimefungwa lakini njia iko kwako."

"Ipo. Inakunywa maji kuliko mimi."

"Tunaiomba kwa siku mbili tu."

"Haiazimwi. Ikienda, naenda nayo."

Spoku alimtazama, akatazama baiskeli nyeusi iliyoegemea ukuta, ile aliyopelekea wateja nguo zao. "Hiyo ina gia ngapi, Bibi?"

"Gia? Ina kengele."

"Basi umepita," alisema Spoku. Alichuchumaa hapohapo, akatia mafuta kwenye cheni yake na kufuta tandiko kwa upindo wa shati lake mwenyewe.

Ndiyo maana Jumamosi ile, kulipopambazuka, ua wa mshonaji ulikuwa umejaa. Daktari wa meno alikuwa amevaa gauni la harusi ambalo mshonaji alimpunguzia urefu lisinaswe na cheni. Mwingine alikuwa kuku, tangu kichwa hadi miguu. Walikunja njia wakaipakia kwenye keria ya Spoku. Ilikuwa nzito kama gunia la mahindi, na ilitulia walipoifunga kwa mipira.

Kwenye uzio palikuwa na kibao: HAPA HAPAJAWAHI KUWA NA NJIA. Wakaitandika njia hapohapo chini ya kibao, na hapo ndipo walipofanya kosa. Waliitandika kifudifudi. Mtu wa gia nyingi angeikagua kwanza, aone mwinuko uko wapi na mteremko uko wapi, ajipange. Mtu wa gia moja hakagui, maana hata akijua hana la kubadilisha. Mshonaji peke yake aliona kwamba upande wa nje uko chini, kwa sababu macho yake yalizoea vitambaa. Tumbo la njia lilikuwa laini na la ubaridi, lina vimizizi vinavyoning'inia pembeni. Alifikiri kidogo akanyamaza. Kitambaa kikigeuzwa bado kinafunika.

Njia ilijivuta kuelekea juu. Ilipofika kwenye uzio, seng'enge ilijikusanya ikajiinua juu, kama mwanamke anayeshika upindo wa gauni kuvuka tope, na waendeshaji wakapita chini yake wakiwa wameinamisha vichwa. Kuku alipoteza manyoya mawili.

Kwa kuwa njia ilikuwa kifudifudi, miinuko yake yote ilikuwa mteremko. Walianza kuserereka kwenda juu. Hakuna aliyekanyaga pedali. Upepo ulilijaza gauni la daktari, breki zikaanza kulia, na mshonaji akapiga kengele kwenye kila kona, maana ndivyo alivyofundishwa.

Mlinzi wa Kampuni alikuwa ameweka kiti chake palepale ambapo kila anayepanda kilima hushuka baiskeli na kushika kiuno. Alikuwa na filimbi na dumu la maji. Alipowaona wanakuja kwa kasi ile alipuliza filimbi, nao wakasimama kwa taabu, matairi yakikwaruza.

"Nimeamriwa nimzuie yeyote anayepanda," alisema.

"Sisi unatuona tunapanda?" aliuliza daktari wa meno.

Mlinzi aliinama akatazama pedali. Aligusa rimu ya Spoku akautoa mkono haraka, ilikuwa inachoma.

"Naona mnateremka."

"Basi."

"Lakini mnateremkia juu."

"Amri inasemaje kuhusu hilo?"

Mlinzi alifikiri. Alikuwa mtu mwenye watoto na hakutaka makosa kazini. "Haisemi," alikiri mwishowe. Akamtazama mshonaji, ambaye kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimesogea hadi kwenye nyusi. "Na wewe, mama yangu? Na umri huo umefuata nini kwa hawa wehu?"

"Nina dada upande wa pili."

Mlinzi aliinuka kitini. Alimimina maji kwenye kifuniko cha dumu akampa kwanza yeye, kisha akampa kuku. "Shika breki zote mbili," alimwambia mshonaji. "Mbele kuna kona mbaya." Aligeuza kiti chake kikatazama bonde, akapuliza filimbi kwa muda mrefu kuelekea huko, ambako hakukuwa na mtu.

Kileleni waliona kwamba upande mmoja wa kilima haukuwepo. Ulikuwa umekatwa wima kama mkate. Mashine zilikuwa zimepumzika kwa ajili ya mwisho wa wiki, na mawe meupe yalikaa kwenye mafungu yakisubiri malori. Daktari alivua maua ya kichwani. Spoku akasema, "Twendeni kabla njia haijaona."

Upande wa kushuka ndio uliowavunja migongo. Kila mteremko ulikuwa mlima. Walikanyaga pedali kwa kusimama, jasho likiwatoka, huku nyumba zilizoko chini zikija polepole sana. Mshonaji alijitahidi, akapita kona mbili, akapita ya tatu, kisha magoti yakamwambia basi. Akashuka.

"Ashuke mmoja!" alipaza sauti Spoku.

"Tushuke wote!" waliitikia, wakashuka wote, hata wale waliokuwa bado na nguvu, kwa sababu ndiyo ilikuwa sheria yao ya pekee zaidi ya ile ya vikombe. Walisukuma baiskeli kushuka kilima wakihema. Daktari wa meno alitembea nyuma ya mshonaji, mkono mmoja kwenye keria yake.

"Unanisukuma, daktari?"

"Mimi? Najishikilia, Bibi. Gauni linanilemea."

Nyumba ya dada ilipoonekana, na dada mwenyewe ameketi mlangoni uso ameuelekeza juani, baiskeli zote ila ile nyeusi zilipata pancha kwa pamoja. Watu waliinamia matairi yaliyokuwa magumu kama jiwe, wakayabonyeza na kutikisa vichwa. Kuku alilala kabisa chini akisikiliza tairi lake la nyuma.

"Tangulia, Bibi!" alisema Spoku bila kuinua uso. "Vikombe vinakusubiri!"

Mshonaji aliwatazama migongo yao ilivyoinama. Hakuwashukuru, maana angewaharibia. Alipanda baiskeli akamalizia kipande kile peke yake.

"Naona rangi ya bluu," alisema dada. "Nani wewe mwenye bluu?"

"Nani mwingine anakuja kwako kwa kupita chini ya uzio wa watu?"

Dada alisimama. Alimshika mabega akamgeuza kwenye mwanga, akausogeza uso wake karibu hadi pumzi zao zikakutana, akamtazama kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Kovu la kidevuni bado lipo."

"Ningelipeleka wapi?"

"Na pua ni ya baba. Nilikuwa nimeshakupa ya mama."

"Umenidhulumu, dada. Ya mama ilikuwa nzuri."

"Ndiyo maana nilikupa. Nyamaza, usicheke, uso unahama."

Mshonaji akanyamaza. Dada alipitia paji la uso, nyusi, mashavu, akarudi tena machoni, bila haraka. Kule juu pancha ziliendelea, na hazikupona mpaka birika lilipochemka.

Aliyefika wa kwanza ni mshonaji, kwa hiyo yeye ndiye aliyeosha vikombe. Dada alisimama kando yake akivikausha, na kila alipopokea kikombe alimtazama kwanza. Usiku wageni walilala uani na kwenye varanda, na njia ikalala kati yao, mgongo juu, imeridhika.

Jumapili asubuhi Kampuni ilikuwa imeshaongeza mstari wa pili wa seng'enge, na kibao kipya kilichosema maneno yaleyale kwa herufi kubwa zaidi. Ofisa mwenye viatu safi alimpigia mshonaji simu. Alisema kuna ripoti ya watu kuonekana kilimani, lakini kwa kuwa hapana njia, hakuna aliyepita, na faili limefungwa. Akauliza kama yuko salama. Akasema kifungo bado kimekaza.

"Nashukuru, mwanangu," alisema mshonaji. "Basi na leo, wakati wa kurudi, pia sitapita."

Spoku aliifunga njia kwenye keria. Daktari alikuwa amelipiga fundo gauni kiunoni. Dada alitoka hadi kwenye baiskeli nyeusi akapapasa mpaka akapata usukani, akaushika kwa mikono miwili.

"Wameongeza seng'enge?"

"Wameongeza."

"Wataongeza nyingine."

"Wataongeza."

Dada alimtazama tena kwa muda mrefu, akiwa amekunja uso kwa ajili ya jua.

"Njoo tena," alisema. "Wakiweka ya tatu, njoo. Nisipokuona, utaniambia wewe ni nani, nami nitakubishia. Na usingoje mwaka mzima na hawa wenye magauni. Njoo Jumamosi."