Muhtasari wa Kikao Ambacho Hakijafanyika

Usiku wa jana niliota nimekaa ofisini kwangu, na muhtasari wa kikao cha wazazi umekalia kiti changu. Mimi nimepewa benchi la wanafunzi waliochelewa.

Kwanza nieleze habari za huo muhtasari, maana sitaki mtu anifikirie vibaya kabla ya wakati. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku milimani Rungwe, mwaka wa sita sasa, na kwenye vikao vya wazazi mimi ndiye katibu. Kikao kilipangwa leo Ijumaa, saa nne asubuhi. Muhtasari wake niliumaliza Jumatano. Mimi ni mtu wa maandalizi. Kuni za Krismasi huwa nazo tangu Septemba.

Jambo lenyewe lilikuwa moja: shule ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi badala ya saa moja na nusu, ili darasa la saba wapate saa nzima ya hesabu kabla ya vipindi. Mwaka jana tulishika mkia kata nzima, na mpaka leo nikikumbuka naumia. Barua ya kutoka juu ilisema mabadiliko yoyote yapangwe pamoja na wadau. Kwa hiyo niliandika: "Wadau walishirikishwa kikamilifu, wakaunga mkono kwa makofi." Kwenye ajenda ya mwisho, Mengineyo, ambapo wazazi huachiwa waseme yao, niliandika: "Hakukuwa na mengineyo." Kilichobaki ni wao kuja kusaini mahudhurio.

Sasa ndoto.

"Shikamoo, Katibu," muhtasari ukasema.

"Marahaba."

"Kikao kimekwisha. Tumebakiza kukifanya."

Niliona ni maneno ya busara. Muhtasari ukajikunjua ukurasa wa pili, ukakohoa. "Mstari wa tisa unataka makofi ya dakika mbili. Nimeshayaagiza. Funua hiyo ndoo ya uji."

Nafunua ndoo. Ndani yamo makofi, mabichi kabisa, yanarukaruka kama dagaa waliotolewa majini sasa hivi. Yanapiga bila mikono. Dakika mbili zinatimia, yananyamaza yote kwa pamoja, na mimi nafunika ndoo inzi wasiingie.

"Haya ni ya nani?" nikauliza.

"Ya wadau."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Wako Mengineyo."

Sikushangaa. Niliona ni kama kuambiwa mtu yuko mjini Kyela. Nikatoka kuwafuata, na muhtasari ukanifuata nyuma huku ukiburuza pini yake sakafuni.

Korido ya shule yetu ina madarasa manne. Jana ilikuwa na ajenda saba, kila moja na mlango wake. Kufungua Kikao ilikuwa na mlango mkubwa wa chuma, umepakwa rangi mpya. Yatokanayo ilikuwa imefungwa kwa kamba, na ndani yake kuna mtu anakohoa tangu mwaka juzi. Nilimpa pole nikapita. Mwisho wa korido palikuwa na ukuta mtupu, na dirisha moja dogo lenye nondo.

Nachungulia. Wazazi wote wamo ndani, wamekaa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yamegusa videvu. Akina mama wachuma chai wamepakata matenga yao. Hakuna anayelalamika. Mmoja anasogea dirishani, namtambua: Mama Tupokigwe. Binti yake yuko darasa la saba. Miaka sita mama huyu anasaini mstari wa mwisho wa mahudhurio, na sijawahi kuisikia sauti yake.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Utusamehe, hatuna mlango."

"Nani kajenga ukuta huu?"

"Wewe. Ila mwandiko wako mzuri, tumeusifu sana."

Nikautazama ukuta vizuri. Ulikuwa umejengwa kwa herufi zangu, zile za kulalia kulia kidogo, zimepangwa zimebanana: hakukuwa na mengineyo, hakukuwa na mengineyo, mpaka juu. Niliona aibu, kisha nikakasirika kwa sababu ya kuona aibu. Ndivyo nilivyo.

"Mna jambo?" nikauliza, kwa ile sauti yangu ya paredi.

"Tunalo moja."

"Haliwezi kusemwa," muhtasari ukadakia nyuma yangu. "Halikusemwa."

"Ni dogo tu," akasema Mama Tupokigwe.

"Hata dogo."

Kutoka nyuma ya darasa akacheka Baba Gwamaka, fundi seremala, yule mwenye mjukuu darasa la kwanza. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema.

Muhtasari ukajiandika harakaharaka pembeni: "Mjumbe mmoja alitaja kunguni."

"Basi tusiliseme," akasema Mama Tupokigwe. "Tumpeleke mwenyewe akalione."

Wakasimama wote, wakaushika ukuta kwa chini, kama watu wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wanavyoinua paa la jirani. Ukainuka shubiri moja, ukagoma.

"Mwalimu, kona hiyo haina mtu," akasema Baba Gwamaka.

Nikaishika. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani wakati wa kuuandika. Tukahesabu mpaka tatu, tukaunyanyua, tukaulaza kwenye majani. Tangu nihamie hapa sikuwahi kubeba kitu pamoja na wazazi hawa. Huwa nawaandikia orodha ya vitu vya kubeba.

Ukuta ulipolala, shule haikuwepo. Tulikuwa tumesimama kando ya kijito, alfajiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye magoti. Juu ya kijito limelala gogo moja, na ng'ambo kuna njia inayopanda kwenye mashamba ya chai. Mimi naishi upande wa barabara. Upande ule wa chai sikuwahi kuukanyaga.

"Huamkii wakubwa?" gogo likaniuliza.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Saa Kumi na Mbili na Nusu?"

"Ndiye mimi."

"Basi tujuane. Kabla jua halijanifikia mimi ni sabuni. Likishanifikia mimi ni mti. Ratiba yako itanikuta sabuni."

"Hilo halikuwasilishwa kwa maandishi," ukasema muhtasari.

"Sijui kuandika," likajibu gogo, bila ubaya wowote.

Ng'ambo, kwenye ukingo, kulikuwa na viatu vya shule jozi saba, vidogo, vimepangwa mstari. Hakukuwa na watoto.

"Wenyewe wako wapi?" nikauliza.

"Bado wamelala," kikajibu kiatu cha kwanza, chenye kamba ya katani. "Sisi tumetangulia ili tuwahi. Tunamsubiri Tupokigwe atuvushe."

Nikamgeukia mama yake. Akaeleza polepole, kama mtu anayempa mgeni njia. "Hao saba ni wa darasa la kwanza. Tupokigwe humshika mmoja mkono, anamvusha, anarudi kumchukua mwingine. Hata hiyo saa moja na nusu yako ya sasa, huwa anaikosa kidogo."

Tupokigwe nimemwandika kwenye daftari la wachelewaji mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja amefagia uwanja, na mara zote nilimwambia kwamba mtu mwenye kichwa chake cha hesabu hapaswi kuwa mvivu. Moyo uliniuma. Sina namna nyingine ya kulisema.

"Mbona hakuniambia?"

"Kwenye daftari lako kuna sehemu ya jina na sehemu ya adhabu," akasema Mama Tupokigwe. "Sehemu nyingine hakuiona."

Muhtasari ukanivuta kanzu ya kulalia, maana hapo nikagundua nimevaa kanzu ya kulalia. "Katibu, tuwahi. Mstari wa kumi na mbili: kikao kilifungwa kwa sala."

"Subiri. Nataka kuvuka."

"Hukuvuka," ukasema. "Nimesoma kurasa zote. Hakuna mahali ulipovuka."

Nikaukunja mara nne, nikaurusha ng'ambo kwa kile kiatu cha kwanza kikae nao. Haukuleta ubishi; nadhani ulikuwa umechoka kujua kila kitu mapema. Nikavua ndala. Mama Tupokigwe akatangulia, akanishika mkono, na wazazi wengine wakajipanga ukingoni kama watu wanaoangalia mtoto akianza kutembea.

Napiga hatua ya kwanza. Gogo ni baridi na lina utelezi. Napiga ya pili. Hatua ya tatu mguu unakwenda peke yake, maji yanaonekana chini, na ghafla kuna swali moja tu duniani ninalolihitaji.

"Mama Tupokigwe! Jua hufika hapa saa ngapi?"

Akanigeukia, akafungua mdomo ajibu. Nikaamka.

Nilikasirika, maana mtu hapaswi kuamshwa wakati anajibiwa. Nikajiambia ni ndoto, ni yale maharage ya jana. Nikaoga, nikavaa suti ya kijivu, nikaenda shule.

Saa nne wazazi walikuwa wamejaa. Nilisimama mbele na muhtasari wangu mkononi, na haukusema neno, ni karatasi tu. Afisa elimu kata alikuwa kaanza kutikisa kichwa cha kukubali hata kabla sijafungua mdomo. Nikaiweka ile karatasi mezani kifudifudi.

"Ratiba haijapangwa," nikasema. "Nataka tuipange pamoja, na mimi kuna kitu sikijui. Pale kijitoni kwenye gogo, jua hufika saa ngapi?"

Watu walitazamana. Walizoea kuulizwa kama wamesikia, wakajibu ndiyo. Nyuma kabisa akasimama Mama Tupokigwe, tenga begani, akajibu kwa sauti ileile niliyoisikia dirishani.

"Saa moja kasorobo. Nilikujibu palepale, Mwalimu, ila ulikuwa umeshaamka."