Chavua ya Boga

"Nyuki wa watu wamekamatwa msituni, mahali hata mche mmoja wa boga haujaota. Chavua ya boga imefikaje miguuni mwao?"

Aliyeuliza ni mkuu wa maabara, waliyembandika jina Mama Glavu kwa sababu salamu yake ya asubuhi ilikuwa "Glavu!" Mbele yake alisimama fundi wake, roho juu. Kazi ya fundi ilikuwa kuosha miguu ya nyuki, kuyazungusha yale maji mashineni mpaka chavua itulie chini, kisha kuisaga na kutoa vinasaba vyake, ijulikane kila mdudu alitua kwenye ua gani. Kazi ikitoka safi, angehamishiwa maabara ya mji anakofanya kazi mumewe. Tangu waoane waliishi kwa simu tu, yeye akikaa na mama mkwe. Moyoni alishafunga virago zamani.

"Na si nyuki peke yao," Mama Glavu akaendelea. "Hata mrija mtupu!"

Fundi akaelewa mara moja. Mrija mtupu hauwekwi mdudu. Hutiwa maji safi tu na kupitishwa hatua zote pamoja na mingine. Ukikutwa na chavua, basi imetoka kwa mtu. Na huyo mtu, jamani, angekuwa nani kama si yeye? Kila alfajiri alichuma maua dume ya boga bustanini kwa mama mkwe na kuyapaka kwenye maua jike, kwa kuwa nyuki wa mtaa ule walikwisha kwa dawa za kupulizia. Kuoga alioga, lakini chavua ya boga ni king'ang'anizi, hujificha hata kwenye nywele.

"Ni mimi," akasema, akaeleza yote.

"Bibie, kumbe nyuki ni wewe!" Mama Glavu akacheka, kisha akaacha. "Wamebaki wa boksi moja kwenye friji. Rudia. Ila mpaka umalize, usiguse ua. Ukiwaharibu na hao, uhamisho anapewa mwingine."

Jioni alimwambia mama mkwe bila kuzungukazunguka.

"Kwa hiyo maboga yangu yafe, wewe uende kwa mume?"

"Ni kwa muda tu, mama. Mama mwenyewe si unaweza?"

Mama mkwe akabamiza mlango wa chumba chake. Fundi akalala amefurahi, na furaha yenyewe ikamtia haya.

Alfajiri akatoka na mkoba begani, akinuia kwenda moja kwa moja getini. Mama mkwe alikuwa kati ya maboga, amepiga magoti kwenye umande. Alishika ua dume, akilisugua kwa bidii kwenye ua jingine. Nalo dume vilevile! Maua jike, yale yenye kiboga kidogo chini yake, alikuwa akiyapapasa na kuyapita.

Lo! Kumbe ndiyo maana uzi kwenye sindano hutiwa na mkwe, na ujumbe wa simu husomwa na mkwe. Miaka yote alidhani ni tabia ya kutumatuma watu.

"Nani hapo?"

"Mimi, mama."

"Kama unapita, pita." Uso wake ulielekea kwingine kabisa.

Geti lilikuwa palepale, wazi. Hasira zilimpanda: hasira kwa mama huyu, na kwa mume asiyejua chochote. Angetukanwa angeondoka.

"Nyuma yako, mama," akasema, mikono ameikunja kifuani. "Kulia kidogo. Hapo. Hapana, umelipita."

Mkono wa mama mkwe ukarudi kwa pupa. Kiboga kikakatika.

"Nimelivunja?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nenda, mwanangu. Utachelewa." Lakini bado alikuwa akipapasa.

Jua lilikuwa linapanda, na maua yakishafumba yamefumba. Fundi akatundika mkoba kwenye uzio, akapiga magoti kwenye umande.

"Nipe hilo dume, mama," akasema, na vidole vyake vikawa vya njano.