Hawajambo, Ila

Wembe wa tatu uliisha makali kabla sijafika nusu ya kioo cha tangi. Niliutupa kwenye kopo, nikalowesha kitambaa kwa siki na kukibandika tena juu ya ule ukoko mweupe. Maji ya huku kwetu yana chumvi. Birika la chai likitumika mwaka mmoja tu, ndani yake hufanya gamba. Tangi la samaki nalo likiongezwa maji pale tu mtu anapokumbuka, gamba hushuka mstari baada ya mstari, kana kwamba mtu alikuwa anaweka alama ya kila wiki. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa Februari, mke wangu Restuta alipopelekwa Dar es Salaam kwa matibabu. Sasa ilikuwa Septemba.

Tangi hilo, la futi tatu, nililiunda mwenyewe sebuleni kwetu Nkuhungu. Kazi yangu ni kusuka upya nyaya za mota zilizoungua, kule Kizota. Mambo ya samaki hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuwaua. Walikufa wanane kabla sijaelewa kwamba maji ya bomba yana dawa, na kwamba lazima yakae kwenye ndoo wazi siku nzima ndipo yawafae. Kila aliyekufa nilimwandika kwenye daftari, pamoja na sababu, au niliyodhani ni sababu.

Waliobaki Restuta aliwapa majina. Yeye ni mwalimu wa darasa la tatu, kwa hiyo tangi nalo likawa darasa. Samaki wa dhahabu walikuwa watano: Kiranja, aliyetangulia kila mahali, Mchelewaji, mwenye doa jeusi mkiani, Msemaji, ambaye mdomo wake haukufungwa, na wawili aliowaita Mapacha ingawa hawakufanana. Wa sita alikuwa kambale mdogo niliyemleta kutoka bwawa la Hombolo, mwembamba kama kidole. Kutwa nzima alijificha nyuma ya jiwe. Huyo akaitwa Mtoro.

"Huyu atakula wenzake," Restuta aliniambia siku ile.

"Huyu? Huyu ataishi kwa makombo."

Sasa Mtoro alikuwa kwenye ndoo kubwa pembeni yangu, amejikunja kwa sababu urefu wa ndoo haukumtosha. Alikuwa ameshafika kutoka kiganja changu hadi kiwiko. Kila baada ya dakika chache alipanda juu, akagugumia hewa, akashuka.

"Hodi humu!" Sauti ilikuwa ya Swalihu, rafiki yangu anayekata vioo jirani na karakana yangu. Aliingia na kifuniko kipya cha tangi amekikumbatia kifuani. "Fundi Silvano, nyumba nzima inanuka kachumbari."

"Karibu. Egemeza hapo ukutani. Usipige ndoo teke."

Aliinama akachungulia. "Astaghfirullah! Ndiye yule wa kidole?"

"Ndiye."

"Na wale wekundu wa shemeji wako wapi?"

Nilimwangalia Mtoro, naye Swalihu akamwangalia Mtoro.

"Aah," alisema taratibu. "Kumbe nao wamo humo humo."

Alivuta kigoda akakaa. Kisha akauliza, "Shemeji anafika lini?"

"Jumamosi, kwa treni ya mchana."

"Na anajua?"

"Hajui."

"Basi leo ni Alhamisi. Kuna kijana pale sokoni anawatoa Dar kwenye mifuko. Watano wekundu, kazi imekwisha. Samaki wana sura, fundi? Nani atawatambua?"

"Mchelewaji alikuwa na doa mkiani."

"Tutatafuta mwenye doa."

"Maji mapya hayapokei samaki watano kwa mpigo. Yanataka wiki nne, tano, mpaka yakomae."

"Maji yakomae? Ni maembe?"

"Kuna vijidudu lazima viote kwenye sponji ya pampu. Ndivyo vinavyokula sumu ya uchafu. Bila hivyo samaki wanaanza kufa siku ya nne, ya tano."

Swalihu alihesabu kwa vidole. "Jumamosi anawaona. Jumapili anawaona. Jumatatu anawaona. Jumanne wakifa, si wamekufa mbele yake, kwa bahati mbaya tu? Hapo huna kosa."

Hakusema kwa ubaya. Na mimi sikuweza kumlaumu, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimepiga hesabu hiyo hiyo, mpaka hiyo Jumanne, na ndiyo maana nilikuwa nimechukua wembe na siki.

"Kesho saa mbili nakupitia," alisema akisimama. "Twende mapema, wenye madoa wasije wakaisha."

Alipoondoka nilirudi kwenye kioo. Kazi ya kukwangua inampa mtu nafasi ya kuwaza, na mimi sikuitaka nafasi hiyo.

Ilikuwa hivi. Februari nilikaa naye hospitali wiki mbili. Niliporudi, nilikuwa nasubiri simu kutoka kule mchana na usiku. Soketi nzuri sebuleni ni moja. Nilichomoa pampu ili nichaji simu, nikisema nitairudisha baada ya saa moja. Sikuirudisha. Nilikuwa napita pale bila kuona. Aprili ndipo nilipoinama nikatazama vizuri, nikakuta maji ya rangi ya chai, magamba machache ya dhahabu kwenye changarawe, na Mtoro peke yake. Kambale huvuta hewa juu ya maji, hakuhitaji pampu. Hakuhitaji pia chakula changu.

Jioni ile ile Restuta alipiga simu.

"Baba Erica, hamjambo?"

"Hatujambo."

"Na darasa langu, hawajambo?"

"Hawajambo."

Sikukusudia kudanganya. Ndivyo tunavyoitikia. Kwetu hata mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba akiulizwa habari atasema nzuri. Atakaa, atapewa maji, ndipo atasema "ila." Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kwa ajili ya ila yangu, nikasikia muuguzi akimwita. Restuta akasema, "Afadhali. Nimefurahi. Tutaongea kesho."

Kesho yake alianza kwa kuniambia amelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima, na kwamba kabla ya kulala alikuwa anawahesabu samaki wake. Ila ya jana ningeichomeka wapi? Tangu hapo, kila jioni, aliniuliza kama anayeita rejista, "Wamehudhuria wote?" Nami nikajibu, "Wote." Wakati mwingine niliongeza na habari. Nilisema Msemaji amenenepa. Nilisema Mapacha wamegombana. Hayo sikuyaandika kwenye daftari.

Saa kumi na moja simu iliita. Nilifuta mikono kwenye suruali.

"Hujambo, Baba Erica?"

"Sijambo, Mwalimu. Wewe?"

"Sijambo. Dada yangu ameshafunga mizigo, utadhani nahama. Na darasa?"

"Hawajambo," nilisema. Lilitoka lenyewe, kama kawaida. Mtoro akapanda juu ya ndoo, akagugumia, akashuka. "Ila," nikasema.

"Ila nini?"

"Ila yupo Mtoro peke yake."

"Tangu leo?"

"Tangu Aprili."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Aprili," alisema. "Siku zote hizo ulikuwa unawaitikia rejista."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na Msemaji aliyenenepa?"

"Hakuwepo."

"Mtoro ndiye aliyewala?"

"Nadhani walikufa kwanza. Pampu ilikuwa imechomolewa. Niliichomoa mimi."

Nilisubiri. Ningeelewa kama angekata simu. Badala yake alicheka, kicheko kidogo, kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa muda mrefu kuliko kicheko. Nilimsikia dada yake akimpa maji.

"Nilikuambia huyo atakula wenzake," alisema alipopata sauti.

"Uliniambia."

"Baba Erica."

"Naam."

"Na mimi umeniuliza hali, nikakwambia sijambo."

"Ndiyo."

"Sijambo, ila."

Niligundua kwamba bado nilikuwa nimeshika wembe. Niliuweka juu ya kifuniko cha Swalihu.

"Hiyo Jumamosi nakuja, lakini si kwa sababu nimepona," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya kueleza somo gumu, polepole, neno moja moja. "Dawa walizokuwa wananipa zimefika mwisho wake. Hazinisaidii tena. Wamenipa za maumivu. Wamesema nikakae nyumbani."

"Wamesema lini?"

"Agosti. Mwanzoni."

Kila jioni ya Agosti nilimuuliza, na kila jioni aliniitikia. Nilijaribu kukumbuka kama kulikuwa na siku sauti yake ilisimama kidogo baada ya neno lile, kama kulikuwa na nafasi ambayo ningeweza kuingia. Sikukumbuka hata moja. Pengine nami sikutaka kuisikia, maana kila alipojibu sijambo nilikuwa naharakisha kusema afadhali.

"Erica anajua?" Binti yetu yuko chuoni Morogoro.

"Hajui. Nilitaka tumwambie tukiwa wote wawili. Na kabla ya hapo nilitaka nikwambie wewe, uso kwa uso. Sasa umeniwahi na samaki wako."

"Nisamehe."

"Msamaha wa samaki au wa kuniwahi?"

"Wa samaki. Na wa kila jioni."

"Tumesomeana rejista ya uongo wote wawili," alisema. "Sasa unafanya nini hapo? Nasikia maji."

"Nakwangua tangi."

"Usininunulie wa kufanana na wale."

Sikuwa nimemwambia neno juu ya wazo la Swalihu. "Sinunui," nilisema.

"Nataka wadogo. Rangi yoyote. Majina nitawapa nikiwaona. Ila wewe na maji yako, najua. Yatakomaa lini?"

Nilitaka kusema wiki mbili. Ningeweza kusema wiki mbili. "Nne," nilisema. "Pengine tano. Ile sponji ilishakufa, naanza upya kabisa."

Nilijua anahesabu, na nilijua hahesabu samaki.

"Tano," alisema. "Basi ungeanza leo."

"Nimeanza."

"Haya. Jumamosi niletee stesheni kiti cha kuegemea, siwezi kusimama sana. Mwambie Swalihu akusaidie kunibeba, ila asinipigie kelele."

Baada ya simu nilikaa kidogo. Halafu nilitoka uani nikakata pipa la plastiki nusu, nikalijaza maji yaliyokuwa yamekaa tangu jana, nikamhamishia Mtoro. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alinyooka. Alizunguka ukingo mara moja, akatafuta upande wenye kivuli, akatulia.

Maji ya ndoo yake sikuyamwaga. Uchafu wake ndio utakaoamsha tangi upya, na baada ya hapo nitakuwa nalilisha lenyewe, chembe chache za chakula kila asubuhi, bila samaki ndani, mpaka sponji iote. Nilifungua bomba nikajaza ndoo sita, nikazipanga ukutani bila vifuniko, dawa itoke. Kwenye daftari niliandika tarehe, na chini yake, siku ya kwanza. Nilirudi nyuma kurasa mbili, nikaandika wale watano kwa majina, na mbele ya kila jina, sababu: nilichomoa pampu.

Kioo cha mbele kilikuwa kimesafika nusu. Upande wa kushoto gamba bado lilikuwa nene, kuanzia Februari kwenda chini. Siki ilikuwa imeisha na jua lilikuwa linaondoka dirishani. Niliandika kwenye kipande cha karatasi: siki chupa mbili, nyembe, soketi nyingine. Nikaongeza chini yake: Swalihu, saa mbili, tusiende sokoni. Karatasi nikaibandika kwenye kile kioo, upande ambao sijaukwangua.