Kilichotikisika Begani

Mukhisa alizamisha mkono topeni hadi kwenye kiwiko, akapapasa, akavuta. Tope liling'ang'ania, kisha likaachia kwa sauti ya mtu anayemeza mate. Kilichotoka hakikuwa mzizi wala jiwe. Kilikuwa mfuko wa plastiki, ile mifuko ambayo watu wa kwao Bokoli huiita karatasi japo haina karatasi ndani yake. Umejaa maji meusi, na mistari yake ya buluu ingali inang'aa kama iliyochapwa jana. Akautupa nyuma yake, juu ya lundo. Akazamisha mkono tena.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa matope pa ukoo wao. Babu yake alipakwa hapo, baba yake hapo, yeye mwenyewe hapo, alfajiri ya Agosti moja yenye baridi ya kukata masikio. Kijana wa Kibukusu anayekwenda jandoni hupelekwa mtoni kabla ya jua kuchomoza, akafunikwa matope toka utosini hadi nyayoni, na unyasi mmoja ukachomekwa kwenye tope la kichwani. Kisha hurudi kwa njia nyingine, akasimama mbele ya nyumba ya baba yake na kungoja kisu macho wazi. Asipepese. Asitikisike. Akitikisika hata kidole, watu wataona, na walichokiona watakisema mpaka siku ya kumzika. Wala matope hayachotwi popote tu. Kila ukoo una pake, na kuhama ni kujiitia mkosi kwa jina.

Zamu ilikuwa ya Levi, kifungua mimba wake, na siku zilikuwa zimebaki chache.

"Unavua samaki?" sauti ilimjia kutoka juu ya ukingo. Alikuwa Nabwile, dada yake mkubwa, kikapu kichwani.

"Usinichokoze, dada."

"Si nauliza tu. Naona umepata wengi. Na wote wamevaa sare moja."

Mukhisa akachomoa mwingine, akautupa juu ya lundo. Sare hiyo aliijua kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyeileta. Zamani Khaemba, mwenye bucha, alikuwa akifunga nyama kwa jani la mgomba, na damu ikimchuruzikia mnunuzi mpaka kwake. Mukhisa akamwendea na bunda la mifuko kutoka Kitale, akamwonyesha jinsi inavyofunguka kwa pumzi moja tu. Baada ya Khaemba wakaja wa omena, wa sukari, wa nyanya. Soko liko juu ya kilima, kijito kiko chini yake, na mvua ni mfagiaji asiyeuliza uchafu ni wa nani.

"Mimi sikutupa hata moja hapa," alisema.

"Nani amesema ulitupa? Wewe ulileta tu. Kwani aliyezaa mwizi ndiye mwizi?"

"Na ile unafunga kichwani mvua ikinyesha ukienda kanisa, ulitoa wapi?"

Nabwile akacheka, akashika nywele zake. "Kwako. Kwani nimesema mimi ni malaika?" Akatua kikapu, akapandisha gauni, akaingia topeni. Wakavuta pamoja bila maneno, kama watoto wanaotoana miiba.

Siku ya pili yake Mukhisa alikwenda Kitale kama kawaida. Wakonyo, mama aliyemuuzia mifuko tangu mwanzo, alikuwa ameketi katikati ya mabunda yake kama kuku juu ya mayai.

"Mama Kui," Mukhisa alisema, "hakuna kitu ingine? Kitu inaoza?"

"Inaoza?" Wakonyo alimtazama kuona kama amekunywa. "Baba Levi, mimi nimeulizwa kitu kubwa, kitu ngumu, kitu ya rangi. Kitu inaoza, leo ndiyo mara ya kwanza." Akachomoa mfuko wa kaki kutoka chini ya meza, akautemea mate kidogo, akausugua kwa kidole gumba. Kidole kikatokea upande wa pili. "Ona. Mvua ikigusa hii, sukari ya mtu iko chini. Watakurudishia zote, na matusi juu."

"Lakini hizi zimejaa mpaka kwa mto."

"Najua. Hata kwetu hapa mitaro imeziba. Nifanye nini, nizimeze?" Hakusema kwa ubaya. "Ukiacha wewe, kesho mtu mwingine wa kwenu atasimama hapo umesimama. Nimwambie nini? Nimwambie Baba Levi ameokoka?"

Mukhisa akatoa pesa zake, akazihesabu. Nyumbani kulikuwa na wageni wa kulishwa, fahali wa kununuliwa, na mtoto wa kuingizwa utu uzima mbele ya macho ya watu wengi. Biashara nyingine hakuwa nayo. Shule aliiacha akiwa hajamaliza hata darasa la sita. Akainama, akabeba bunda lake begani kama siku zote. Siku hiyo lilikuwa zito, naye alijua fika kwamba plastiki haina uzito.

Kufikia mkesha wa sherehe, tope lilikuwa safi. La kijivu, laini, baridi, kama alivyolikumbuka. Juu kidogo, pale kijito kinapoingia, alikuwa amesuka uzio wa matawi ili uzuie takataka. Alisimama akautazama kwa fahari, kisha akapanda nyumbani.

Mvua ilianza wageni wakiwa bado wanawasili. Haikuwa mvua ya manyunyu. Ilishuka juu ya mabati kwa kishindo mpaka waimbaji wakanyamaza kuipisha. Watu wakaishangilia, wakasema ni baraka. Mukhisa peke yake alikaa mlangoni, akiuona uzio wake wa matawi waziwazi, japo ulikuwa bondeni na macho yake hayakuweza kufika huko. Angefanya nini? Kuizuia mvua ya kilima kwa vijiti ni kama kuzuia ng'ombe wenye kiu kwa uzi.

Alfajiri baba haendi mtoni. Kazi yake ni kungoja. Mukhisa aliwasikia kwanza, nyimbo na njuga, kisha akawaona wakitokea kwenye mahindi, Levi mbele, wa kijivu kama kichuguu kilichoota miguu. Nyuma yake alikuwa Wepukhulu, mzee aliyempaka, mikono ikidondosha tope. Levi akafika mahali pake, akasimama. Mgongo umenyooka. Macho yamepigiliwa mbali, juu ya vichwa vya watu wote.

Ndipo Mukhisa alipoiona. Kwenye bega la kushoto la mwanawe, nusu ikiwa imezikwa ndani ya tope na nusu iko nje, kipande cha karatasi. Mistari ya buluu.

Upepo ulishuka kutoka Mlima Elgon, na kile kipande kikaanza kutetemeka.

"Anatikisika!" mtu alinong'ona upande wa kushoto, kule nyuma ambako watu huona kidogo na husema zaidi. "Bega! Angalieni bega!"

Levi hakuwa anatikisika. Mukhisa alikuwa karibu kiasi cha kuuona mshipa wa shingo ya mwanawe, nao ulikuwa umetulia kama kamba ya hema. Hatua mbili tu, vidole viwili tu, na kile kipande kingekuwa mkononi mwake. Lakini mkono wa mzazi ukimgusa kijana akiwa pale, ni sawa na kumtangazia kila mtu kwamba alishindwa kusimama peke yake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Huu ulimdunga mwingine, na aliyeuleta alikatazwa kuuchomoa. Akafumba ngumi. Kipande kikapigapiga bega, ta ta ta, kama mtu mdogo anayecheka.

Ngariba alitokea, akafanya kazi yake, filimbi ikalia kutangaza kwamba imekwisha. Vigelegele vikapaa upande wa kulia. Upande wa kushoto vilichelewa.

Wakati wa kula, Khaemba aliketi na sahani magotini, akisema akitafuna. "Kijana alisimama, sikatai. Lakini kuna kitu kilitikisika. Hii macho iliona."

"Ni karatasi," Mukhisa alisema.

"Karatasi gani?"

"Ilikuwa kwa bega lake. Ilitoka kwa matope. Ile yangu ya mistari, Khaemba. Ile unafungia nyama."

Waliokuwa mkekani wakamgeukia. Kisha Khaemba akaangua kicheko. "Ai, Mukhisa bana! Mimi nimesikia wazazi wakisema ni baridi, wakisema ni siafu. Ati karatasi!"

Kicheko kikapita mkekani, kikatoka hadi kwa vijana waliokuwa wakicheza uani, na huko mmoja akalichukua lile neno na kulirusha juu kama mpira: "Karatasi! Mtoto wa Mukhisa, Karatasi!" Wengine wakalidaka. Mukhisa alisikia likizunguka nyumba. Alijua kwamba jina lililotolewa siku hiyo halifutiki, na kwamba mtoaji hakuwa Khaemba.

Levi alikuwa ameketi ndani, shuka kiunoni, tope likimkaukia na kupasuka mabegani.

"Baba, wanacheka nini huko?"

"Watu wakishiba hucheka."

"Nilitikisika?"

"Hapana."

"Nilisikia kitu hapa sikioni. Kama majani makavu yakiungua. Sikuangalia."

"Najua hukuangalia." Mukhisa akanyoosha mkono, akakibandua kile kipande taratibu pamoja na tope lake, akatoka nacho nje.

Akaelekea jikoni akichome, lakini chakula kilikuwa motoni bado, na moshi wa plastiki huingia hata kwenye wali. Akageukia shamba, lakini jembe lingekifukua msimu ujao. Chooni kingedumu kuliko yeye na watoto wake. Bondeni alikataa hata kutazama.

Langoni wageni walikuwa wakiaga, kila mmoja na kipande chake cha nyama cha kupeleka nyumbani, ndani ya mfuko wenye mistari.

"Baba Levi!" Nelima, mkewe, alimwita kutoka kwenye umati, mikono yake ikimeta mafuta. "Karatasi zimeisha! Fungua ile bunda ingine, watu wanangoja!"

Alisikia. Alibaki amesimama katikati ya boma, ngumi imefumbwa, akitafuta kwa macho mahali pa kukiweka kile kipande.