Namba Chini ya Kikombe

Iramba nzima, mwaka 1956, ungeuliza nani anajua kabureta ungeambiwa Ezekieli wa Ulemo, na mwenyewe asingebisha hata kidogo. Gereji yake ilikuwa kando ya barabara kuu. Siku sita alishika spana, siku ya saba alishika kitabu cha nyimbo, maana alikuwa mzee wa kanisa, tena wa kukaa mbele kabisa.

Basi afisa mmoja wa Kizungu kutoka Singida mjini akamletea gari bovu la mwaka 1926, linavutwa kwa kamba. Kuku walikuwa wametaga humo miaka na miaka. Mzungu alitaka lirudi vilevile lilivyotoka kiwandani, kila kifaa kiwe cha asili yake. Wazungu nao wana mambo! Alimwachia kijitabu cha kiwanda na karatasi yenye mistari: jina la kifaa, mwaka wake, ni cha asili au si cha asili, na mwisho sahihi ya fundi.

Gari lile nani asiyelijua Ulemo? Lilikuwa la Simeoni, aliyekuwa akiuza samli, ambaye zamani alilinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, na mwishowe akamuuzia afisa huyo. Kabureta haikuwemo, na sababu Ezekieli aliijua kuliko mtu yeyote.

Mwaka 1932 mzungu mmoja wa machimbo aliibiwa kabureta ya lori lake jipya. Watu wakapekua huku na huko, wakaikuta kabureta juu ya meza ya Simeoni. Simeoni akasema ni ya gari lake, ameifungua aisafishe. Barazani akaitwa fundi, na fundi ndiye Ezekieli, kijana wa miaka ishirini na sita aliyejaa sifa za watu hadi puani. Akaiinua kabureta juu watu waione, akasema, "Gari la huyu ni kuukuu. Kabureta hii inang'aa, ni mpya. Ni ya lori." Basi, hayo tu. Simeoni akala jela mwaka mmoja na nusu.

Alipotoka, kanisa likamtaka atubu ndipo arudi kwenye meza ya Bwana. Akakataa. "Nitubu wizi gani?" alisema. Tangu hapo alikaa benchi la nyuma, miaka ishirini na miwili, na ushirika ukifika wengine wanainuka, yeye anabaki. Mkewe Dorika alikuwa anapita mbele peke yake, macho chini. Kila Pasaka wazee walimtuma Ezekieli akamwulize kama yuko tayari. Kila Pasaka jibu lilikuwa lilelile, na Ezekieli alirudi akisema, "Yule mzee ana shingo ngumu."

Sasa, kabureta ya kufungia gari lile ataipata wapi? Ezekieli akakumbuka ile ya lori. Mzungu wa machimbo alipoondoka, lori lilibaki mikononi mwake kama chuma chakavu, na kabureta yake ilikuwa ikining'inia ukutani kwenye msumari. Haikuwa ya gari hilo, alijua, lakini angalau angepima ukubwa.

Akaiweka mahali pake. Ikakaa. Akairudisha nyuma, akaiweka tena, ikakaa tena. Matundu ya bolti yalikuwa na nyongeza upande wa nje, zimekwanguliwa kwa tupa, na tupa hiyo ilikuwa yake. Akakumbuka vizuri mno. Mwaka ule alipoifunga kwenye lori matundu yalikataa, akayapanua kwa nguvu. Na lori likawa linakohoa kila linapopanda mlima wa Sekenke, naye akasingizia vumbi! Lo, vumbi!

Akaigeuza kabureta, akasugua uchafu chini ya kikombe chake cha petroli kwa kidole. Herufi moja, tarakimu mbili. Akafungua kijitabu. Tarakimu zilikuwa za mwaka. Ishirini na sita. Lori la machimbo lilitengenezwa mwaka 1931.

Ezekieli alikaa juu ya debe. Angeweza kuifunga akanyamaza. Mzungu angefurahi, Ulemo isingejua, naye angebaki na uzee wake wa kanisa na jina lake. Alilifikiria hilo, tena kwa muda mrefu, tusimpake mafuta. Kisha akaijaza karatasi ya mzungu, akaichukua kabureta, akaenda kwa Simeoni.

"Shikamoo, mzee Simeoni."

"Marahaba. Pasaka imefika mapema mwaka huu?"

Ezekieli akaweka kabureta mkekani, akaeleza yote, matundu, tupa, namba. Dorika alikuwa anapepeta mtama pale pale, akaacha.

"Nilikuomba uigeuze," Simeoni alisema. "Siku ile. Ukaniambia nini?"

"Nilisema inang'aa. Nilisema ni mpya."

"Kung'aa?" Dorika aliuliza. Alikuwa amesogea, ameishika. "Wewe ulimfunga mume wangu kwa kung'aa? Hii niliisugua mimi! Kwa majivu na ndimu, asubuhi ile, nikiwa nasugua masufuria yangu. Nilitaka airudishe kwenye gari ikiwa safi." Alimgeukia mumewe. "Mbona hukuniambia kwamba walikufunga kwa kung'aa kwake?"

"Ningekuambia uishi nalo vipi?" Simeoni alisema.

Dorika alilia kwa sauti, bila kujificha. Simeoni akamwambia Ezekieli tu, "Jumapili. Mbele ya watu. Kama ulivyosema ile siku."

Jumapili Ezekieli alisimama mbele, kabureta mkononi, akasoma karatasi ya mzungu jinsi alivyoiandika. "Kabureta. Mwaka 1926. Ya asili. Ya gari la Simeoni." Kisha akasema kwamba yeye ndiye aliyesema uongo barazani, kwa kiburi na si kwa kutojua tu, na kwamba uzee wa kanisa anauweka chini. Mchungaji akamwashiria Simeoni kwa mkono, karibu mezani.

Simeoni hakuinuka. Kanisa zima liligeuka kumtazama. Labda miguu ilikuwa imezoea, labda hasira, Ezekieli hakujua, wala hakuwa na haki ya kuuliza.

Ndipo Dorika akainuka upande wa wanawake. Watu wakadhani anaenda mbele kama siku zote. Akapita meza, akapita mabenchi ya wanaume yote, mahali ambapo mwanamke hakai, mpaka la mwisho.

"Sogea," alimwambia mumewe. "Kila Pasaka nilikuwa nakusihi utubu. Leo wewe kaa, mimi nitatubu kwako."

Simeoni akasogea.